Uvimbe wa Fizi na Taya: Upi wa Kawaida, Upi wa Saratani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Ana mimba ya miezi sita, na katikati ya meno yake mawili ya mbele ya juu kumeota kinyama chekundu, kipana karibu sentimita moja, kinachotoka damu kila anapopiga mswaki. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 24, naye ana uvimbe mgumu nyuma ya taya la chini, upande wa kushoto. Umekuwa ukikua taratibu kwa karibu miaka miwili bila maumivu yoyote, na magego mawili yaliyodhaniwa kuwa ndiyo chanzo yamekwisha kung'olewa, lakini uvimbe uko palepale. Majirani wanamwambia dada kwamba kinyama chake ni kansa kwa sababu kinatoka damu, na wanamwambia mdogo wake asiwe na wasiwasi kwa sababu uvimbe wake hauumi. Anauliza: mtu atajuaje kwamba huu ni uvimbe wa kawaida na huu ni wa saratani?

Dada yangu, pole kwa hofu, na hongera kwa ujauzito. Siwezi kutoa jibu la mwisho juu ya uvimbe ambao sijauona wala kuupapasa, lakini kwa maelezo uliyotoa naweza kusema bila kusita kwamba majirani wamegeuza mambo. Kinyama chako, ingawa kinatisha kwa rangi yake na kwa damu, kina sifa zote za uvimbe usio wa saratani unaowapata wajawazito. Uvimbe wa mdogo wako, ambao haumuumi na kwa hiyo hakuna anayeuhangaikia, ndio unaotakiwa kufikishwa hospitali wiki hii. Sababu nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa wapo watu wengi wanaopoteza nusu ya taya kwa kusubiri maumivu ambayo hayaji.

Maumivu na damu ndizo dalili ambazo karibu kila mtu huzitumia kupima hatari ya uvimbe wa kinywani, nazo ni dhaifu sana kwa kazi hiyo. Jipu la jino linaweza kumkosesha mtu usingizi usiku kucha na lisiwe na uhusiano wowote na saratani, na fizi za mtu yeyote mwenye ugaga mwingi, yaani uchafu uliogandamana na meno na kuwa mgumu, hutoka damu. Saratani ya kinywa, kwa upande wake, mara nyingi huanza kimya kabisa, na maumivu huja baadaye, inapofikia mishipa ya fahamu au kidonda chake kinapoingiliwa na vijidudu. Ndiyo maana mgonjwa akiniletea uvimbe, mimi huuliza kwanza mambo mengine: ulianza lini, umekua kwa kasi gani, meno yaliyo jirani yamelegea au yamesogea, utando wa juu yake ni mzima au umechubuka, uvimbe unacheza chini ya kidole au umeshikamana na mfupa, na je, mdomo wa chini au kidevu kimekufa ganzi.

Tuanze na chako. Homoni za ujauzito huzifanya fizi ziitikie kupita kiasi ukoga, yaani utando laini wa uchafu juu ya meno, na ugaga ambao zamani zilikuwa zikiuvumilia. Mahali palipo na uchafu kidogo uliojificha kati ya meno, mishipa midogo ya damu huota kwa wingi na kutokeza kinyama laini, chekundu au chenye rangi ya damu ya mzee, ambacho mara nyingi huwa na shina jembamba na hutoka damu kikiguswa tu. Hutokea zaidi kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, zaidi kwenye ufizi wa mbele wa juu, na kinaweza kukua haraka kwa wiki chache kiasi cha kumtia mtu hofu. Wengine hukiita uvimbe wa mimba. Hutokea pia kwa watu wasio wajawazito, wakiwamo wanaume na vijana wanaobalehe, pale ambapo ufizi umekuwa ukisumbuliwa kwa muda mrefu na ugaga, na jino lililovunjika au na kingo za jino lililozibwa vibaya.

Matibabu yake kwa mjamzito huanza kwa kusafisha meno kitaalamu ili kuondoa ugaga ulio chini ya kinyama hicho. Usafishaji huo ni salama katika ujauzito, na hata sindano ya ganzi inayotumika kwa kawaida kwenye meno ni salama, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba mjamzito hatibiwi meno. Kukikata kinyama chenyewe kabla ya kujifungua hatupendelei, isipokuwa kama kinakuzuia kula au kinatoa damu nyingi, kwa sababu homoni zilizokileta bado zipo na mara nyingi kitaota tena. Baada ya kujifungua vingi hunywea vyenyewe. Kikibaki miezi mitatu baada ya kujifungua, au kikibadilika kabla ya hapo kwa kuwa kigumu, kuchimbika kidonda au kulegeza meno, kitakatwa na kupelekwa maabara. Kwa sasa endelea kupiga mswaki hapohapo penye damu, kwa mswaki laini, kwani mgonjwa anayekwepa eneo hilo kwa kuogopa damu huacha ukoga ujikusanye na kinyama kizidi kukua.

Uvimbe mwingine wa fizi usio wa saratani nitaupitia kwa haraka. Kuna kinundu kigumu kiasi, chenye rangi ileile ya ufizi, ambacho kinaweza kukaa miaka bila kubadilika. Hicho ni nyama ya kovu iliyotokana na msuguano wa muda mrefu. Kuna chenye rangi ya zambarau iliyofifia, kinachoota kwenye ufizi pekee na wakati mwingine kula mfupa ulio chini yake kidogo, na hicho kisipokwanguliwa hadi kwenye shina lake hurudi. Kuna kipele kinachojaa usaha, kikapasuka na kuacha ladha mbaya mdomoni, kikapona, kisha kikarudi palepale. Huo ni mlango wa jipu la mzizi wa jino, na dawa yake ni kulitibu jino lenyewe, kwani kukipaka kipele hakusaidii. Kuna pia matuta ya mfupa ambayo mtu huzaliwa na mwelekeo wa kuyapata, moja katikati ya kaakaa au mawili upande wa ndani wa taya la chini, kushoto na kulia kwa kulingana. Wapo wanaoyagundua wakiwa na miaka 40 na kudhani yameanza jana. Kuwa pande zote mbili kwa usawa ni dalili nzuri, na matuta hayo huachwa kama yalivyo isipokuwa mtu anapohitaji meno ya bandia.

Fizi zikivimba mdomo mzima, na si mahali pamoja, kwanza ninauliza dawa. Fenitoini ya kifafa, amlodipini na nifedipini za shinikizo la damu, na saiklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo, zote zinaweza kukuza fizi hadi zifunike nusu ya meno. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari aliyemwandikia, naye ataamua kama kuna ya kubadilisha. Lakini fizi zikivimba zote kwa muda wa siku au wiki chache, zikatoka damu bila kuguswa, huku mtu akiwa amepauka, ana homa na michubuko ya ngozi isiyo na sababu, hapo anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu siku hiyohiyo, kwa sababu saratani ya damu wakati mwingine hujitokeza kwanza kwenye fizi.

Saratani ya ufizi wenyewe, ile inayotokana na seli za utando wa kinywa, ina hila moja inayowaponza wagonjwa na waganga kwa pamoja: hufanana na ugonjwa wa kawaida wa fizi. Mara nyingi haiji kama nundu la duara. Huja kama kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, au kama eneo lenye mabaka mekundu na meupe yasiyofutika kwa kitambaa, zaidi kwenye ufizi wa chini sehemu ya magego. Jino moja au mawili yaliyo jirani huanza kulegea wakati meno mengine yote ya mdomo huo ni imara. Mgonjwa huenda kung'oa, na hapo ndipo tatizo hujianika, kwa sababu tundu la jino, ambalo kwa kawaida utando wake hujifunga katika wiki tatu au nne, halifungi. Badala yake nyama huota kutoka ndani ya tundu hilo. Huandikiwa antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine, kisha ya tatu, na miezi inapita. Mtu yeyote anayeng'olewa jino lililolegea lenyewe bila kutoboka, na tundu lake likakataa kupona, asikubali duru ya pili ya dawa kabla ya kuchunguzwa.

Ganzi ya mdomo wa chini nayo naitilia mkazo. Mshipa wa fahamu unaoupa mdomo na kidevu hisia hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, chini ya mizizi ya magego. Uvimbe usio wa saratani kwa kawaida huusukuma mshipa huo pembeni polepole na hisia zikabaki, wakati saratani huuingia. Kwa hiyo mtu ambaye hajachomwa sindano wala hajaumia, lakini anahisi kidevu chake kimekufa ganzi, anahitaji kupigwa picha mapema. Wakati mwingine chanzo si kinywa kabisa, bali ni saratani ya titi, ya tezi dume, ya figo au ya pafu iliyosafiri na kukaa kwenye taya. Tezi za shingo nazo zipapaswe: zilizovimba kwa maambukizi huwa laini, zinauma na hunywea, lakini tezi ngumu, isiyouma, isiyosogea, inayozidi kukua, ni jambo jingine.

Wanaopata saratani hii wengi wamevuka miaka 40, na kwa sehemu kubwa ni watumiaji wa tumbaku, iwe ya kuvuta au ugoro unaowekwa kati ya mdomo na ufizi, hasa ikichanganywa na pombe nyingi. Kwenu Tanga, kama Unguja, Pemba na Mombasa, sina budi kuitaja tambuu. Watu huamini kwamba ubaya wake uko kwenye tumbaku tu na kwamba asiyeitia tumbaku yuko salama. Sivyo. Wataalamu wa utafiti wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani wameiweka popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, peke yake, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mtafunaji wa tambuu atazame mahali anapoiweka kila siku; doa jeupe lisilofutika, na zaidi doa jekundu laini, ni la kumwonesha daktari hata kama halimsumbui. Doa jekundu ninaliogopa kuliko jeupe, kwa kuwa mara nyingi zaidi huwa tayari lina seli zilizoharibika.

Niongeze pia madoa au vinundu vya rangi ya zambarau iliyokolea kwenye kaakaa na fizi vya sarkoma ya Kaposi, aina ya saratani ambayo huwapata zaidi watu wenye virusi vya Ukimwi na wakati mwingine huwa ndiyo ishara ya kwanza kwamba mtu anavyo. Anayeona madoa ya namna hiyo apime virusi bila kuchelewa, kwa sababu dawa za kufubaza virusi ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Sasa mdogo wako. Kijana wa miaka 24, uvimbe mgumu wa nyuma ya taya la chini, unaokua polepole bila maumivu kwa miaka miwili, haukupungua baada ya kung'oa magego: ugonjwa wa kwanza ninaoufikiria ni ameloblastoma. Huu ni uvimbe unaotokana na seli zilizobaki kutoka kwenye utengenezaji wa meno tangu utotoni. Ni miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana sana katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, na takribani visa vinane kati ya kumi huwa kwenye taya la chini, hasa nyuma kwenye magego. Picha ya eksirei ya taya zima mara nyingi huonesha mfupa uliotobolewa vyumba vyumba, kama mapovu ya sabuni.

Swali lako, la uvimbe wa kawaida au wa saratani, hapa linahitaji kupanuliwa. Ameloblastoma kwa kawaida si saratani. Ni nadra sana isambae mwilini. Lakini kuiita ya kawaida ni kosa kubwa vilevile, kwa sababu haikomi. Huula mfupa kutoka ndani na kuutanua, meno yanasogea, uso unapinda, hadi mfupa unakonda na kubonyea chini ya kidole, na taya linaweza kuvunjika mtu akitafuna tu. Huingia kwenye mfupa unaoonekana mzima kupita mpaka wake wa kwenye picha, na ndiyo sababu ikikwanguliwa tu hurudi kwa wagonjwa wengi, wakati mwingine baada ya miaka kumi au zaidi. Kwa aina iliyozoeleka, wapasuaji huondoa kipande cha taya pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa mzima, kisha hulijenga taya upya kwa bamba la titani au kwa mfupa unaotolewa mguuni au nyongani. Uvimbe ukiwa mdogo, kipande kinachotolewa ni kidogo na uso hubaki na umbo lake. Kila mwaka wa kusubiri huongeza urefu wa mfupa utakaokatwa.

Inawezekana pia ukawa ni uvimbe wa maji uliozunguka gego la mwisho lililoshindwa kuota, au ugonjwa wa mfupa wenyewe unaokua na kutulia mtu anapokomaa, na hapo matibabu ni mepesi zaidi. Kwa macho tu hakuna anayeweza kutofautisha. Nalaumu sana tabia ya kung'oa meno chini ya uvimbe wa taya bila kupiga picha kwanza, kwani haitibu chochote, inaharibu mipaka ya uvimbe, na kama ndani kuna mishipa ya damu iliyojikusanya mgonjwa anaweza kutoka damu ambayo ni vigumu kuizuia kwenye kiti cha kliniki.

Kwa kuwa unatarajia mtoto, naongeza jambo la watoto. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za mataya yake, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kupitia Afrika ya Mashariki na ya Kati akiuliza hospitali kwa hospitali, na ramani aliyoichora ilionesha kwamba ugonjwa huu unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, na kasi yake haina mfano: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na katika wiki chache meno ya mtoto yanalegea, shavu linajaa, wakati mwingine jicho linasukumwa au tumbo linavimba. Mtoto wa umri huo mwenye meno yanayolegea kabla ya wakati pamoja na taya kuvimba asisubiri hata wiki. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa wa damu, bila kulikata taya, na watoto wengi wanaofikishwa mapema hupona.

Kinyume chake, mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, ukaambiwa kwamba vimbe nyeupe kwenye fizi zake ni meno ya plastiki yanayotakiwa kutolewa, kataa. Hizo ni mbegu za chonge za utotoni zinazojiandaa kuota. Kuzichokonoa huleta damu, maambukizi na wakati mwingine kifo, na homa iliyomleta mtoto huachwa bila tiba.

Kinachotoa jibu la mwisho katika haya yote ni kipimo cha kinyama. Kwa sindano ya ganzi hukatwa kipande kidogo, mara nyingi kisichozidi punje ya harage, kutoka kwenye ukingo wa uvimbe, na kutumbukizwa papo hapo kwenye kopo la fomalini, dawa ya maji inayozuia kipande kisioze. Kisiwekwe kwenye maji, na kopo liandikwe jina, tarehe na mahali kipande kilipotoka. Nataja hili kwa sababu mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye hupewa kopo alipeleke maabara. Soma maandishi yake kabla ya kuondoka, usikubali kopo lisilo na jina, na utunze nakala ya majibu nyumbani. Imani kwamba kansa ikiguswa na kisu husambaa imewachelewesha wengi mno. Kipimo cha kinyama hakiisambazi saratani ya kinywa, na pasipo kipimo hicho hakuna anayejua atibu nini. Kadhalika, kila kinundu kinachokatwa ufizini, hata kinachoonekana cha kawaida kabisa, kipelekwe maabara. Usikifunge uzi, usikipake dawa ya kuunguza, wala usimruhusu mtu akikate na kukitupa.

Kwa hiyo, dada, wewe nenda kliniki ya meno kwa usafishaji, ukiwa na kadi yako ya wajawazito. Mdogo wako aanzie kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo, na aombe eksirei ya taya zima kabla ya jino jingine lolote kuguswa. Picha ikionesha mfupa umeliwa, aombe rufaa kwenda kwa wapasuaji wa kinywa na taya Muhimbili, na ikiwa majibu ya kinyama yatasema saratani, matibabu ya mionzi na dawa hupatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Achukue picha yoyote ya zamani ya uso wake, hata ya harusi au ya kitambulisho, ili daktari aone taya lilivyokuwa kabla. Akifanyiwa upasuaji wa ameloblastoma, awe anarudi kupigwa picha kila mwaka kwa miaka isiyopungua kumi, hata akijisikia mzima.